Tunda la Kito katika Stardew Valley: Tathmini ya Zao la Vuli Lililo Ghali Kuliko Mengine

Stardew Valley ni mchezo wa ukulima uliotengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, anayejulikana kwa jina la kazi la ConcernedApe. Ulitoka kwa kompyuta tarehe 26 Februari 2016, ukaingia kwenye iPhone mwaka 2018, kisha kwenye simu za Android mwaka 2019. Ninaloliandikia hapa ni toleo la simu, kwa kuwa ndilo wengi wetu Malindi tunaloweza kulimiliki. Katika mchezo mzima nimechagua zao moja la vuli liwe kipimo changu, kwa sababu naliona ndilo linaloonyesha waziwazi kwamba aliyeutunga alifikiria ukulima kama kazi ya kupanga na kungoja, wala hakutosheka na kumpa mchezaji mahali pa kugusagusa kioo.

Kwanza niseme habari ya fedha. Bei ya kawaida ya toleo la simu ni dola 4.99, ambayo duka la Google humwonyesha mnunuzi wa Kenya kwa shilingi na kukubali malipo ya M-Pesa. Ukishalipa, umemaliza. Hakuna matangazo yanayokatiza kazi, hakuna sarafu za kununuliwa kwa fedha halisi, na baada ya kupakuliwa mchezo hauhitaji intaneti hata kidogo. Mtu aliyezoea michezo ya bure inayomlazimu atazame tangazo kila anapovuna mahindi ataelewa mara moja thamani ya jambo hili. Bando likiisha shamba linaendelea, na umeme ukikatika unaendelea pia mpaka betri iseme basi.

Mwaka wa mchezo una majira manne, kuchipua, kiangazi, vuli na baridi, kila moja la siku 28, na kila siku huchukua takriban dakika 14 za saa ya ukutani kwa mchezaji asiyelala mapema. Mazao ya vuli ni mengi, lakini mazungumzo ya wachezaji hurudi kwa matatu. Boga hununuliwa mbegu kwa sarafu 100, huiva kwa siku 13 na kuuzwa kwa 320. Kranberi, tunda jekundu la nchi za baridi, mbegu yake ni 240. Huchukua siku saba kuanza kuzaa, kisha huzaa kila baada ya siku tano, matunda mawili kwa mara moja, kila tunda sarafu 75. La tatu ndilo mada yangu. Kwenye kioo limeandikwa Sweet Gem Berry, nami nitaliita tunda la kito. Mbegu yake, iliyoandikwa Rare Seed, ni sarafu 1,000. Hukua kwa siku 24 na huzaa mara moja tu, tunda moja, linalouzwa kwa sarafu 3,000 likiwa la daraja la kawaida, 3,750 likiwa la fedha, na 4,500 likiwa la dhahabu. Hakuna zao jingine la kupandwa vuli linalokaribia bei hiyo kwa tunda moja.

Uzuri wa zao hili unaanza kabla ya kulipanda, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mbegu yake haiuzwi katika duka la Pierre, ambako mkulima hununua mbegu nyingine zote za kila siku. Huuzwa na mfanyabiashara msafiri anayefika kaskazini mwa msitu wa Cindersap siku za Ijumaa na Jumapili tu, mkokoteni wake ukivutwa na nguruwe aliyevaa miwani na tarabushi. Katika majira ya kuchipua na ya kiangazi mbegu hiyo huwapo kila anapokuja, kwa kawaida moja tu, na mara chache tano. Vuli inapoingia, hakikisho hilo huondoka, na kuipata huwa ni bahati.

Sasa tazama kalenda. Kila majira huanza Jumatatu, kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ya vuli ni tarehe 5. Mbegu inayohitaji siku 24 lazima iwe ardhini kufikia tarehe 4 ili ivunwe tarehe 28, siku ya mwisho, kwa sababu tarehe mosi ya majira ya baridi kila kilichobaki shambani hunyauka. Maana yake ni kwamba msafiri anafika siku moja baada ya mlango kufungwa. Sioni kwamba hili lilitokea kwa bahati. Anayengoja vuli ifike ndipo atafute zao la vuli amekwisha kuchelewa, na anayetaka kulima matunda ya kito lazima aanze kuyatafuta wakati wa kuchipua, akitoa sarafu 1,000 katika kipindi ambacho alianza maisha na 500 mfukoni. Kati ya tarehe mosi ya mwaka na mwisho wa kiangazi msafiri huja mara 16. Mkulima mwenye nidhamu anayepita kwake kila mara, na mwenye fedha za kufanya hivyo, ataingia vuli akiwa na mbegu 16 au zaidi sandukuni, maana mbegu haziozi.

Iko njia ya kufupisha muda wa kukua. Mbolea ya kuharakisha, ambayo Pierre huuza kwa sarafu 100, hupunguza muda wa kukua kwa asilimia 10, na hivyo tunda huiva kwa siku 21. Iliyo bora zaidi hupunguza kwa asilimia 25, yaani siku 18. Ukibahatika kuikuta mbegu kwa msafiri tarehe 5 au 7, mbolea hiyo ndiyo itakayokuokoa. Lakini kila kipande cha ardhi hupokea mbolea ya aina moja tu. Ukitia ya kuharakisha umejinyima ile ya kuboresha daraja la tunda, na kwa zao ambalo tofauti kati ya daraja la kawaida na la dhahabu ni sarafu 1,500, uamuzi huo si mdogo. Ushauri wangu ni huu: aliyepanda tarehe mosi atie mbolea ya ubora, kwa kuwa ana siku tatu za akiba; aliyechelewa atie ya kuharakisha na asitazame nyuma.

Wachezaji wengi husema tunda la kito ndilo zao lenye faida kubwa kuliko yote ya vuli, na kauli hiyo nimeiona mara nyingi mno bila hesabu nyuma yake. Ni kweli kwa upande mmoja tu. Chukua sarafu 1,000 uzipande maboga. Utapata mbegu kumi, na tarehe 14 utavuna maboga yenye thamani ya 3,200. Toa 1,000 nyingine, panda tena siku hiyohiyo, na tarehe 27 utavuna 3,200 nyingine. Faida yako ya majira yote ni 4,400. Sarafu 1,000 zilezile zikiingia katika tunda moja la kito huleta faida ya 2,000 likiwa la daraja la kawaida, na hata likiwa la dhahabu faida yake ni 3,500. Kwa mtaji mdogo, basi, boga linashinda, na mchezaji mpya asidanganyike na ukubwa wa namba.

Upande ambao tunda la kito halina mpinzani ni maji. Mwanzoni mwa mchezo mkulima huamka na nguvu 270, na kila kipande anachomwagilia kwa keni humlia nguvu mbili. Maboga kumi kwa siku 26 ni kumwagilia mara 260, isipokuwa siku za mvua. Tunda moja la kito ni mara 24. Ukigawanya faida kwa idadi ya mara ulizoinamia mmea, boga linakulipa kama sarafu 17 kwa kila mwagilio, kranberi iliyopandwa siku ya kwanza kama 19, na tunda la kito zaidi ya 83. Nguvu zinazobaki ndizo zitakazokushusha mgodini kutafuta shaba na chuma, zikupeleke mtoni kuvua, au zikukatie miti. Hakuna anayezipigia hesabu nguvu hizi anapotangaza zao bora, ilhali ndizo sarafu halisi za mwaka wa kwanza.

Ninalijali jambo hili kwa sababu ndilo linaloufanya mchezo uwe wa kweli machoni mwa watu wa huku. Mjomba wangu analima upande wa mto Sabaki, na anajua kwamba bei ya mboga sokoni haina maana mpaka umehesabu mitungi iliyobebwa kutoka mtoni wakati wa kaskazi. Nilipomwonyesha shamba langu kwenye simu alitazama kimya, akauliza kila mmea unakunywa mara ngapi, na nilipomjibu akasema papo hapo kwamba angepanda huo mmoja wa ghali na kuacha mingine. Alifikia kwa swali moja pale ambapo mimi nilifikia kwa kalamu na karatasi.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi. «Mwanangu, na bei haishuki hata ukivuna mengi?» Nikamjibu kwamba haishuki. Unaweza kutia katika sanduku la mauzo maboga mia tano usiku mmoja na la mwisho likalipwa sawasawa na la kwanza. Yeye hupeleka maembe sokoni mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa unaofuata, ngowe, boribo na apple, wakati ambapo kila mtu kutoka hapa hadi Kilifi anapeleka maembe pia, na bei huanguka hadi nauli inakaribia kuipita. Alinirudishia simu akasema kwa upole kwamba hapo ndipo shamba langu linapoachana na lake. Naukubali upungufu huo. Mchezo umeyatunza maji, muda na nguvu kwa uangalifu mkubwa, lakini soko limeachwa lisilo na uhai, na soko ndilo linalomnyima mkulima usingizi.

Kuhusu utunzaji wa zao lenyewe sina mengi. Mmea usiponyweshwa haufi, ila siku hiyo haihesabiki, na kwa aliyepanda tarehe 4 bila mbolea siku moja kavu inatosha kumnyima mavuno. Vinyunyizio humwondolea mtu wasiwasi huo. Kile cha daraja la pili humwagilia vipande vinane vinavyokizunguka, na hivyo mbegu nane zinaweza kujitunza hadi mavuno. Kunguru nao wapo, wabaya kama hawa wa kwetu mjini, lakini hawaligusi shamba lenye mimea isiyofika 16, na ukizidisha hapo kinyago kimoja cha kutishia ndege hulinda vipande vinane kila upande. Gharama yake ni mbao 50, kipande kimoja cha makaa na nyuzi 20, kwa hiyo hakuna sababu ya kukosa.

Matumizi ya tunda ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa kawaida zao la thamani katika mchezo huu halishii kwenye kuuzwa likiwa bichi. Boga, kwa mfano, likitiwa kwenye pipa hutoka juisi ya sarafu 720, na likitiwa kwenye mtungi wa achari hutoka achari ya sarafu 690, zaidi ya maradufu ya bei ya boga lenyewe. Tunda la kito halikubali pipa wala mtungi. Ingawa kwa sura ni tunda, mchezo haulihesabu katika kundi la matunda wala la mboga, kwa hiyo mashine hizo hulikataa. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ni sawa, kwa kuwa zao lingeongezwa thamani kwa mashine lingeyaua mengine yote, na hakuna ambaye angepanda boga tena. Badala yake limepewa kazi nyingine, isiyo ya biashara.

Magharibi mwa msitu wa Cindersap kuna gogo kubwa lililolala njiani. Ukilipasua unaingia katika msitu wa siri, na ndani kabisa mwa msitu huo imesimama sanamu ya mzee ambaye maandishi yake yanasema kwamba bado anatafuta ladha iliyo tamu kuliko zote. Mpe tunda la kito. Macho yake yatawaka, naye atakupa tunda la nyota, lililoandikwa Stardrop, ambalo huongeza kiwango chako cha juu cha nguvu kwa 34, na nyongeza hiyo haiondoki tena. Kulifikia gogo hilo kunahitaji shoka la chuma cha pua, na shoka hilo hupatikana kwa mhunzi kwa hatua mbili: ya shaba, sarafu 2,000 na vipande vitano vya shaba, kisha ya chuma cha pua, sarafu 5,000 na vipande vitano vya chuma. Gharama inaonekana kubwa, lakini ndani ya msitu huo kuna visiki sita vinavyotoa mbao ngumu 12 kila siku, kwa hiyo shoka lingejilipa hata kama sanamu isingekuwapo.

Nasema bila kusita kwamba tunda la kwanza lisiuzwe. Sarafu 3,000 zitaliwa kabla ya majira ya baridi kuisha. Nguvu 34 ni kumwagilia vipande 17 zaidi kila siku ya maisha yako yote ya mchezo. Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alibishana nami kwa muda mrefu juu ya hili, akitaka kuuza ili anunue banda la kuku. Nilimwachia aamue, maana shamba lilikuwa lake. Alikwenda kwa sanamu.

La pili lipelekwe wapi? Hapa majibu yanatofautiana kulingana na shamba. Kijijini kuna ukumbi wa jamii unaokarabatiwa kwa mafurushi, yaani orodha za vitu ambavyo mchezaji huvipeleka humo. Ikiwa alichagua mafurushi yaliyochanganywa alipoanza, huenda ukumbi huo ukamwomba tunda hili pamoja na tunda la kale, zao jingine adimu, na hapo hana hiari. Vinginevyo ipo mashine ya kutoa mbegu, ambayo mchezaji hujifunza kuitengeneza akifika daraja la tisa la ukulima, au huipata kama zawadi ya furushi la rangi. Tunda moja likitiwa humo hutoa mbegu moja hadi tatu kwa muda mfupi. Kiangazi, wakati msafiri anauza mbegu kwa 1,000, ni hasara kuharibu tunda la 3,000 kwa ajili ya mbegu ambazo huenda zikawa moja tu. Majira ya baridi, wakati msafiri hatoi hakikisho, hesabu inageuka, mradi uwe na mahali pa kuzipanda. Jambo moja la kukumbuka: daraja la tunda halibadilishi idadi ya mbegu, kwa hiyo daima tia tunda la kawaida kwenye mashine na upeleke la dhahabu sokoni.

Mahali pa kuzipanda ni banda la vioo, na nashangaa jinsi njia ya kulifikia inavyopita kwa zao jingine la vuli. Banda hilo hukarabatiwa ukikamilisha mafurushi ya ghala katika ukumbi wa jamii, na furushi la mazao ya vuli katika mpangilio wa kawaida huhitaji mahindi, biringanya, boga na kiazi kikuu, kimoja kimoja. Anayejaza shamba lote matunda ya kito mwaka wa kwanza na kusahau kupanda boga moja na kiazi kimoja amejifungia mlango kwa mwaka mzima. Ndani ya banda hakuna majira, kunguru hawaingii, na zao la siku 24 hupandwa siku yoyote. Hata hivyo sipendekezi kulijaza matunda ya kito peke yake. Zao linalozaa mara moja na kuhitaji mbegu mpya kila mara linafaa zaidi shambani wakati wa vuli, huku banda likiachiwa mimea inayozaa tena na tena.

Sasa niyaseme mabaya ya toleo la simu. Vidole vinene na kioo kidogo havipatani. Mara nyingi mtu hutaka kumwagilia kipande kimoja akagusa cha jirani, na nguvu mbili zimekwenda. Mpangilio wa kugusa unapokwenda ni mwepesi kwa kutembea lakini mbaya mgodini, ambako ni heri kuweka vitufe vya pembeni. Kwa upande mwingine, simu ina jambo ambalo kompyuta haina: huhifadhi kazi yako yenyewe katikati ya siku, hata ukiitwa ghafla kwenda dukani hupotezi chochote.

Lugha ndiyo kasoro inayoniuma. Mchezo unapatikana kwa lugha kumi na mbili, zikiwamo Kituruki na Kihungaria, lakini Kiswahili hakimo, na mchezo huu una maneno mengi: barua, mazungumzo ya wanakijiji, maelezo ya kila mbegu. Mtu mzima mwenye Kiingereza cha shule atamudu. Mtoto anayeanza darasa la tatu hatamudu peke yake, na wala mjomba hatamudu. Tangu toleo la 1.5.5 watumiaji wa kompyuta wanaweza kuongeza lugha waitakayo kwa kazi ya mikono yao, kwa hiyo mlango uko wazi kwa yeyote mwenye subira ya kutafsiri, na ningefurahi sana kusikia kwamba vijana wa huku wameanza. Mpaka hapo, anayemnunulia mtoto mchezo huu akae naye majira ya kwanza, amsomee mabango na barua, na ahakikishe kwamba kila Ijumaa na Jumapili wamepita msituni kabla ya saa mbili usiku ya mchezo, kwa kuwa baada ya hapo msafiri hauzi tena.